Kopo la Vifungo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Profesa wangu ameshika namba moja darasani! Namba moja, mdogo wangu, kati ya watoto sitini na wanne. Aliyemfuata wamepishana alama ishirini na moja, yaani hakumwona hata kisogo. Mwalimu wake amenishika mkono mbele ya wazazi wote, akaniuliza, "Mama, huyu unamlisha nini?" Nikacheka tu, nikamwacha na swali lake.

Sasa ndiyo nakusalimia. Hujambo, na hilo tumbo la miezi minane halijambo? Usibebe makatoni hapo dukani. Mwambie tajiri wako dada yako amekataza.

Simu yangu ingali kwa fundi tangu ilipotumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Kila nikienda ananiambia kesho. Heri dereva wenu wa gari la dawa, anapita hapa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na barua hazimlemei. Baba watoto bado yuko machimboni, hatarudi kabla ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo furaha hii naila peke yangu na cherehani.

Ile dawa yako ya maji nampa kijiko kimoja kila asubuhi kama ulivyoandika kwenye pakiti, "vitamini ya akili". Karatasi hiyo ya pakiti nimeibandika ukutani, wateja waione kuwa mdogo wangu ni mtu wa dawa. Ila nitakwambia siri: nimemwongezea kitu kingine. Wewe ulianza, mimi nimemalizia. Ndiyo maana ya zile alama ishirini na moja.

Anayeninyima raha ni Kidoti. Miaka mitatu na nusu na gauni nililomshonea mwaka jana bado linamtosha kiunoni. Anakula mayai, anakula maharage, anakimbia siku nzima, lakini ukimweka karibu na watoto wenzake unaona mkono kama uzi. Kliniki wananiambia yuko sawa, ana mwili mdogo tu. Mimi siwaamini. Naogopa asije akabaki nyuma, watu wakasema kwa fundi cherehani kuna mtoto mmoja tu.

Nitafanya sherehe ya Profesa Jumapili tarehe 16. Nimeshakata kitambaa cha sare yangu na yake.

Ni mimi dada yako, mama wa namba moja


Jumatano, tarehe 5 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kaunta, nikacheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mtoto wetu amewaacha wenzake njiani. Mbusu Profesa kwa niaba yangu, na Kidoti pia. Huyo usimlaze kwenye mizani kila siku. Kliniki wakisema yuko sawa, yuko sawa.

Lakini dada, umeniandikia "kitu kingine" ukaniacha hapo hapo. Ni kitu gani? Tafadhali nakili kila neno lililoandikwa kwenye chupa, hata yale madogo ya pembeni, unitumie. Nataka kujua ni ya umri gani na kama ndani yake kuna madini ya chuma.

Usinione mjuaji. Juzi alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni. Alikuwa anampa aina tatu za vitamini kwa pamoja, ya maji, ya kutafuna na ya unga, kila moja ameisikia redioni. Nilipozisoma nikakuta zote zina vitu vile vile, ila majina tofauti. Mtoto alikuwa anapata mara tatu ya kile anachotakiwa. Mtoto mwenye kula vizuri huenda hahitaji hata moja. Akihitaji, ni aina moja, ya umri wake, kwa kipimo chake.

Na jambo la pili, nakuomba kama mtu anayeomba maji. Dawa yoyote usiiite pipi mbele ya watoto. Iweke juu, mahali ambapo hata wewe unapanda kigoda.

Nijibu na dereva wa Ijumaa. Sitatulia.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Wewe Daktari,

Nakuita hivyo kwa mapenzi, maana najua unauza tu. Unanihoji kama niliiba. Nimelea watoto wawili bila chupa wala mlezi, hakuna aliyewahi kulala hospitali hata siku moja, na nguo zao hazijawahi kukosa kifungo. Au umesahau nani alikulea wewe mama alipokuwa kitandani?

Chupa haipo, kwa hiyo maneno ya kunakili hayapo. Kuna mchuuzi anapita na kikapu, ana mtungi mkubwa, anakupimia kwa kijiko. Ni vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu, vinang'aa, vimepakwa sukari juu. Damu ikiwa nyingi kichwa kinapata moto, hilo hata wewe unalijua. Profesa mwanzo alikataa, akasema ni dawa. Basi nikatumia akili. Nikavitia kwenye lile kopo langu la vifungo, nikaviita pipi za ushindi. Akipata hesabu moja ngumu, pipi moja. Siku nyingine anapata tatu. Ungemwona anavyokazana! Wateja wangu wawili wameona matokeo wakaniomba, nikawagawia kiganja kimoja kimoja, na wao wana watoto wazito darasani.

Tumbo huwa linamuuma kidogo Profesa, lakini hiyo ni hofu ya mitihani.

Kidoti analia anavitaka. Nimemwambia ni vya wanaojua kuhesabu, akianza shule na yeye atapata. Sasa anamfuata dada yake nyuma kama mkia, nifundishe, nifundishe. Hata wewe ungefurahi.

Kopo lipo mahali pake, kwenye meza ya cherehani, chini ya macho yangu. Hilo tulifunge.

Usisahau tarehe 16. Kama tumbo halikuruhusu kusafiri, nitakuwekea kipande cha keki mpaka ujifungue.

Dada yako mkubwa, mkubwa kweli


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Dada,

Leo hakuna gari, barua hii itakufikia Jumatatu, na mimi nitahesabu saa mpaka hapo.

Vidonge hivyo ndivyo ninavyomeza mimi. Kimoja kwa siku, kwa sababu ya mimba, na mimi ni mtu mzima wa kilo sabini na mbili. Ni madini ya chuma. Mtoto hapewi hivyo ila daktari amempima damu na kumwandikia kipimo chake. Kikizidi kinachoma tumbo kwa ndani. Tumbo la Profesa haliumwi na mtihani. Acha kumpa leo hii. Vidonge vyote virudishe kwenye zahanati, na wale wateja wawili wafuate hadi nyumbani kwao ukavichukue, hata kama utaona aibu.

Profesa ni namba moja kwa sababu ana kichwa chake na mama anayemkalisha chini kila jioni. Sikia hilo tafadhali.

Na kopo liondoke mezani. Dada, meza ya cherehani inamfika Kidoti kifuani.

Mdogo wako, mwenye roho juu


Jumatatu, tarehe 10 Machi, asubuhi

Mdogo wangu,

Habari za huku ni njema. Nakuandikia haraka kabla dereva hajafika.

Kidoti jana alasiri alitapika. Nilikuwa nimetoka kupeleka gauni la bibi harusi, nikamwacha na Profesa, kurudi nikamkuta amejikunja kwenye mkeka. Alitapika mara nyingi, mwishoni matapishi yakawa na weusi, na tumbo likamwendesha. Nadhani ni mayai, muuza duka siku hizi simwamini. Nilimpa maji ya chumvi na sukari. Sasa amekwisha kupona kabisa. Asubuhi hii ameamka anacheza na vipande vya kitambaa chini ya meza, amekunywa maziwa nusu kikombe. Watoto wadogo ni kama moto wa karatasi, unawaka na kuzimika.

Profesa ndiye sielewi. Hakutaka kwenda shule. Amekaa mlangoni anamtazama mwenzake tu, nikimuuliza ananyamaza. Na kopo langu la vifungo nimelikuta limefunikwa vibaya, lakini sikulitazama sana, kazi ilikuwa nyingi.

Sherehe iko pale pale. Dereva anapiga honi.

Dada yako


Jumatatu, tarehe 10 Machi, saa nane mchana

DADA, USIISOME BARUA HII MPAKA MWISHO. SOMA MISTARI HII MITANO, KISHA MBEBE KIDOTI.

Mpeleke hospitali kubwa, usiende zahanati, sasa hivi, hata kama anacheka.
Chukua na kopo.
Waambie amekula vidonge vya chuma jana alasiri, ametapika, kisha akapata nafuu.
Muulize Profesa ni vingapi. Yeye anajua.
Dereva atakupeleka. Panda.

Yafuatayo soma ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali. Sumu ya chuma ina tabia hiyo mbaya. Mtoto anatapika, kisha anatulia, mama anashukuru, na wakati huo chuma kimeshaingia kwenye damu kinaelekea kwenye ini. Hapo nilipofika kwenye "amekwisha kupona kabisa" niliidaka simu. Nimempigia jirani yako muuza mkaa mara tisa, simu inaita tu. Mimi mwenyewe nimekatazwa kusafiri, wiki iliyopita niliona damu, sikukwambia ili usihangaike. Nimemshika dereva mkono alipokuwa anakula, nikamwambia ageuze gari. Hakuniuliza kitu, aliacha sahani.

Profesa usimgombeze. Usimpandishie hata sauti. Mtoto akiogopa atapunguza idadi au atanyamaza kabisa, na daktari anaihitaji idadi ya kweli. Mshike mkono, muulize polepole.

Mdogo wako


Jumatano, tarehe 12 Machi, wodini

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwenye daftari langu la vipimo, nyuma ya kiuno cha mteja, maana karatasi nyingine sina. Dereva ameleta dawa hapa hospitali, amesema atanisubiri.

Yuko hai. Nimeanza na hilo.

Nitakwambia na mengine, yote, hata yale ambayo sikutaka uyajue. Barua yako ya Jumamosi niliipata Jumatatu asubuhi, dereva alipochukua yangu. Niliisoma. Nikamtazama Kidoti, alikuwa anacheza. Nikaikunja nikaisukuma chini ya cherehani, nikasema huyu mdogo wangu amezidi, kusimama nyuma ya kaunta kumemfanya aone kifo kila mahali. Nikaendelea kushona. Kumbe nilikuwa naogopa. Moyo ulikuwa umeshajua, mikono ndiyo iliyokataa.

Saa tisa hivi akaacha kucheza. Akalala palepale juu ya vitambaa. Nilipomshika alikuwa wa baridi, jasho limemtoka, midomo imepauka. Nilimwita akafumbua jicho moja akafumba. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba naye mikononi, sijui niende wapi, ndipo dereva wako aliposukuma mlango bila kubisha. Nilisoma mistari mitano tukapanda, mimi naye, Profesa na kopo, iliyobaki nikaisomea garini.

Daktari aliniuliza ni vingapi. Mdogo wangu, kulikuwa na watu, wauguzi wawili, na mama mmoja mteja wangu kwenye benchi. Nikasema, "Viwili hivi." Nilisema viwili. Mtoto yuko mbele yangu hawezi kuinua kichwa chake, na mimi nalinda jina.

Profesa akanivuta gauni. Akasema, "Kumi na mbili."

Nikageuka nimtazame kwa lile jicho langu. Nikakumbuka ulivyoandika. Nikachuchumaa nikamshika mkono, nikamuuliza anajuaje. Akaniambia alikuwa anamfundisha Kidoti kuhesabu. Kila namba akiipata, pipi moja, kama mama anavyofanya. Kidoti alifika kumi na mbili. Alitaka kuendelea, lakini tumbo likaanza. Profesa akanong'ona, "Nilitaka na yeye awe mkubwa, usihuzunike tena."

Daktari hata hakusubiri nipumue, alianza kuagiza dawa na dripu kwa kelele, wakamchukua.

Tangu hapo nimekaa kwenye benchi hili. Wanamtoa damu kila baada ya saa kadhaa. Kuna dawa wanamtia kwenye mshipa ya kukifunga chuma kitoke. Muuguzi aliniambia mkojo ukibadilika rangi ujue dawa inafanya kazi, basi kila wakibadilisha nepi nasimama natazama, mimi niliyekuwa najidai kuwa mwanangu aliacha nepi kabla ya wa jirani. Umekuwa mwekundu wa kufifia, kama maji ya kufulia kitambaa kipya. Sijawahi kuona rangi nzuri kama hiyo.

Lakini ini bado. Daktari amesema kesho au keshokutwa damu itaonyesha kama ini limeumia. Hasemi atapona wala hasemi hatapona. Anaangalia karatasi tu. Nimejifunza kumsoma nyusi.

Profesa yuko kwa muuza mkaa. Hali chakula, na haongei. Nimemtumia salamu kwamba nampenda, sijui kama zimefika au zimemwagika njiani.

Niambie kitu. Chochote. Hata kama ni kunigombeza.

Dada yako


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Dada yangu,

Sitakugombeza, kwa sababu na mimi nina langu.

Yale maneno "vitamini ya akili" niliyaandika mimi kwa kalamu yangu. Kwenye chupa hayapo. Chupa inasema tu ni vitamini kwa watoto wa miaka minne na kuendelea, basi. Niliyaandika kwa sababu najua unavyopenda kusifiwa watoto, nikataka unisifu na mimi. Na wateja hapa huwa nawaambia hivyo hivyo, maana chupa inatoka haraka. Hakuna chupa yenye akili ndani, dada. Wewe uliamini niliyoyaandika, ukatafuta iliyo kali zaidi. Kamba ya kwanza niliisokota mimi.

Leo nimechukua kalamu nikayafuta kwenye kila pakiti rafuni. Tajiri amenuna. Acha anune.

Tangu Jumatatu sijalala sawasawa. Mtoto akigeuka tumboni nashtuka. Kila gari likipunguza mwendo nje najua ni dereva, najua ana karatasi, nachungulia uso wake kwanza kabla ya kunyoosha mkono. Jana alipoingia alikuwa ameinamisha kichwa, nikashika kaunta. Kumbe alikuwa anatafuta kalamu iliyomdondoka.

Damu ikitoka kesho, niandikie kabla hujamwandikia mtu yeyote. Neno moja linatosha.

Na Profesa, usimtumie salamu. Mfuate mwenyewe.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Ini limepona. Neno moja uliniomba, nimekupa mawili.

Dada yako


Jumatatu, tarehe 24 Machi

Tumerudi nyumbani, mdogo wangu! Kidoti yuko chini ya meza ya cherehani na vipande vyake vya kitambaa, anaimba wimbo usio na mwanzo. Shikamoo yako nimeipokea, na wewe hujambo? Tumbo linasemaje? Nimesikia kwa dereva kuwa damu haijarudi, nimeshukuru kwa sauti mpaka muuza mkaa akaja mbio.

Usidhani hofu imekwisha. Daktari amesema tumrudishe baada ya wiki chache, maana tumbo lililochomwa huweza kufanya kovu likabana chakula. Akicheua tu nasimama. Akilala zaidi ya kawaida naweka kidole puani. Jana alicheka akapaliwa na maji, nikamtikisa mpaka akalia, halafu tukalia wote.

Vidonge nimevipeleka zahanati. Wale wateja wawili niliwafuata kwao. Wa kwanza alinipokea vizuri. Wa pili aliniuliza mbele ya mume wake, "Si ulisema ndivyo vilivyompa mwanao namba moja?" Nikamjibu nilisema, na nilikosea, naomba unipe vilivyobaki. Sijawahi kumeza maneno magumu kama hayo, na mimi unanijua. Ile karatasi yako nimeibandua ukutani. Alama zake bado zipo, nitapaka rangi.

Profesa nilimfuata mwenyewe kama ulivyosema. Nilikaa naye kwenye magunia ya mkaa, na gauni langu jeupe. Nikamwambia kopo ni langu, jina la pipi nililitoa mimi, na yeye alifanya alichomwona mama yake akifanya. Nikamwambia ile kumi na mbili ndiyo iliyomwokoa mwenzake, na mimi mama yake nilisema viwili. Hakulia. Aliniuliza kama Kidoti atamchukia akikua. Nikamwambia atamchukia akimnyima penseli, basi.

Lakini hahesabu. Mwalimu ananiambia anaandika majibu kwenye daftari, kwa mdomo hasemi hata moja. Kidoti akianza moja, mbili, tatu, Profesa anatoka nje. Na mimi nakwambia ukweli, Kidoti akifika tisa, kumi, nasimamisha cherehani, nasubiri kitu kibaya.

Basi nimefikiri jambo. Nimeliosha lile kopo kwa maji ya moto mara tatu, nimerudisha vifungo, na sasa linakaa juu ya kabati, napanda kigoda kulifikia kama ulivyoniambia. Namshonea Kidoti gauni jipya, kubwa kidogo, maana huko hospitali amepungua lakini atajaza. Mbele lina vifungo toka shingoni hadi kwenye pindo. Profesa anachagua kifungo, ananipa mimi, mimi nashona. Hatusemi kitu. Jana tulifika kumi na mbili akasimama. Nikamwonyesha kuwa pindo bado liko wazi, kimoja kinakosekana. Amekichagua, cha bluu. Hakunipa. Amekifungia kwenye kona ya leso yake, ananiambia bado.

Sherehe ipo, ila si ile. Sitaki mtu aje kumsifu mtoto kwa namba. Mwalimu atakuja, wale wateja wangu wawili watakuja, muuza mkaa na simu yake isiyopokelewa, baba watoto atakuwa amerudi kutoka machimboni, dereva nimemwambia aje na mke wake. Nitasimama mbele yao wote, niwaambie nilichokifanya na nilichomwambia daktari, Profesa akiwa amekaa pembeni yangu asikie kwa masikio yake kwamba kosa lina mwenyewe. Halafu Kidoti atavaa gauni likiwa na kifungo kimoja pungufu, na nitashika sindano na uzi, nisubiri. Profesa akitaka kunipa kifungo chake, atanipa. Akitaka kusema ni cha ngapi, atasema. Asipotaka, pindo litabaki wazi hivyo hivyo na tutakula keki.

Asije mtu na pipi. Nawe kama daktari wako amekuruhusu, dereva ametandika godoro nyuma ya gari, anasema ataendesha kama amebeba mayai.

Ni Jumapili tarehe 6 Aprili, saa nane mchana. Njooni wote.

Dada yako, mama wa wawili